Nani Anasogeza Kigari?

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu ni vichwa vya watu, na kwa vichwa vya watu sijambo. Lakini kuna wakati kichwa changu mwenyewe kilivurugika humu ndani ya nyumba yangu. Nitawaeleza taratibu, maana na mimi nilielewa taratibu.

Mke wangu tunamwita Mama Pacha. Wanetu wa kike walizaliwa siku moja, na jina likamganda hapo hapo. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, upande wa kukata sponji. Sponji huja bloku zima, kubwa kuliko kitanda. Yeye na wenzake hulikata kwa kisu kirefu, kwa mkono. Akirudi nyumbani, nywele zimejaa vumbi la sponji. Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, humpangusa mlangoni kwanza ndipo aingie. Mama yangu na vumbi hawaivi chungu kimoja.

Siku moja Mama Pacha alirudi akapita moja kwa moja mpaka kwenye kochi. Akakaa na viatu vyake na vumbi lake. Mama akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua kuna jambo.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Wameleta mashine ya kukata," akasema. "Kisu kinakwenda na kurudi chenyewe juu ya reli. Mtu anakaa pembeni, anabonyeza tu. Msimamizi amesema kisu cha mkono mwisho mwezi ujao. Kutakuwa na jaribio. Atakayeweza kuiendesha mashine anabaki. Asiyeweza anaaga."

"Si mtafundishwa?"

"Aliyeileta alitufundisha asubuhi moja. Anaongea mbio mbio kama anakimbiza basi. Nilishika neno moja, mengine yalinipita. Na kuigusa haturuhusiwi. Wanaogopa tutaiharibu."

"Sasa mtajifunzaje kitu msichoruhusiwa kukigusa?"

"Na mimi ndilo swali nililonalo, Baba Pacha," akasema. Machozi yakamtoka.

Kinyozi hupata siku akipata. Nyumba yetu inasimama kwa mshahara wa Mama Pacha, na wote tuliokuwa pale sebuleni tulilijua hilo. Niliogopa kweli.

Mlango wa pili kutoka kwetu anakaa dada mmoja anayefundisha chuo cha ufundi. Mtaa mzima unamwita Dada Mota. Pampu ikiungua, feni ikigoma, watu humpelekea yeye. Mama Pacha alikwenda kwake kesho yake, na jioni Dada Mota akaja kwetu na laptopu yake kwapani.

"Tuanze na kitu kisichovunjika," akasema.

Akafungua laptopu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya reli, na juu ya reli kigari kidogo. Kigari kilikuwa na kisu.

"Hii ni mashine ya kuigiza," akasema. "Haipo, lakini inatii amri kama ile iliyopo. Ukiikosea, ikagonga mwisho wa reli, itawaka rangi nyekundu basi. Hakuna hasara."

Mimi nikasema kimoyomoyo, haipo, halafu inatii. Haya bwana.

Mama akasogeza kiti chake akatazama vizuri. "Hicho kisu kinakata nini?" akauliza.

"Hakikati kitu, Mama. Ni picha."

"Basi si kisu," akasema, akarudi kwenye kunde zake.

Dada Mota akamwonyesha Mama Pacha namna ya kuandika amri. Nenda mahali fulani. Simama. Teremsha kisu. Pandisha kisu. Rudi. Kila mahali pana namba yake, na namba zote zinahesabiwa kuanzia sifuri, yaani mwanzo wa reli. Siku ya kwanza kioo kilikuwa chekundu muda wote. Wanangu walicheka mpaka wakakohoa. Mama Pacha hakucheka.

"Nimeiambia iende mbele, mbona imerudi nyuma?" akauliza.

"Angalia namba uliyoandika," Dada Mota akasema. "Ilikuwa imeshapita hapo. Ili ifike unapotaka, lazima irudi. Imekutii wewe."

Dada Mota alituachia laptopu ile kwa muda. Mama Pacha akawa anakaa nayo kila akitoka kazini. Wiki ilipokwisha, kigari cha kwenye kioo kilikuwa kinamsikiliza kuliko wanetu wanavyomsikiliza. Nikaona mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Hapa umefaulu," Dada Mota akamwambia. "Lakini ndani ya kioo hakuna uzito, hakuna vumbi, hakuna watu. Sasa tutengeneze kitu cha mezani. Mnaweza kupata printa mbovu?"

Hapo na mimi nikapata kazi. Nina mteja mwenye duka la fotokopi. Nilipokuwa namnyoa nikamwomba printa yake kuukuu iliyolala stoo. Akanipa, akafurahi kupata nafasi.

Dada Mota akaifungua printa ile juu ya gazeti. Akatoa reli. Akatoa kigari kilichokuwa kinabeba wino. Akatoa mkanda unaokivuta kigari, na mota inayouzungusha mkanda. Vyote tukavifunga kwa skrubu juu ya ubao. Kutoka chuoni akaazima saketi ndogo, ile wanayojifunzia wanafunzi wake, ipokee amri za laptopu na kuiendesha mota. Penye kisu akafunga kalamu. Umeme wake ulikuwa mdogo, wa adapta, usioweza kumpiga mtu. Chini ya kigari tukatandika karatasi.

Nikadhani sasa tutawasha. Yeye akafunga kwanza kitufe chekundu.

"Cha kwanza kujua si kuiendesha," akasema. "Ni kuisimamisha. Mkono wako ujue kitufe kilipo hata ukiwa unaangalia kwingine. Na hata kiwandani, usiweke kidole kwenye njia ya kisu mashine ikiwa inawaka. Hata kama imetulia."

Ubao tukauweka kwenye meza ya chakula. Hatuna meza nyingine. Ikawa tunakula upande mmoja, tumebanana, na printa isiyo printa imekaa upande wa pili kama mgeni wa heshima.

Mama Pacha akaandika amri zile zile zilizofanya vizuri kwenye kioo. Akawasha. Mota ikanguruma, kigari kikatetemeka, hakikwenda popote.

"Imekufa?" nikauliza.

"Umeiambia ianze kwa kasi yote," Dada Mota akamwambia Mama Pacha. "Kwenye kioo kigari hakina uzito, kinaanza unavyotaka. Hiki kina uzito. Kipe nafasi. Anza polepole, ongeza kasi, na ukikaribia kufika punguza."

Mama Pacha akabadilisha. Kigari kikaondoka taratibu, kikakaza mwendo, kikapunguza, kikasimama. Kalamu ikachora mstari. Akapima kwa rula. Mstari ulikuwa pale pale alipotaka. Tukapiga makofi wote, hata Mama na kunde zake.

Basi siku ya pili yake ndipo akili zilipotuhama.

Mama Pacha alirudi kutoka kazini, akawasha, akatoa amri ile ile ya jana. Hakubadilisha hata herufi. Kigari kikaondoka vizuri, kikapita mahali pa mstari, kikaenda kugonga mwisho wa reli. Mota ikabaki inapiga kelele kama ya mtu anayesaga meno. Akabonyeza chekundu.

"Nimefanya nini?" akaniuliza.

Ananiuliza mimi, kinyozi.

Akafikiri namba ni kubwa, akazipunguza. Akajaribu tena na tena mpaka mstari ukakaa sawa. Kesho yake akawasha na zile namba mpya, mstari ukaja kando kabisa, upande mwingine. Akazibadilisha tena. Siku ya tatu, kigari kikagonga. Nikawashuku wanangu, nikawaita. Wakakana, na mimi nawajua wakidanganya, hawakuwa wanadanganya. Mama Pacha akashuku umeme. Mimi nikasema labda panya. Alinitazama kwa namna ambayo sikurudia tena habari za panya.

Na siku za jaribio zinakaribia. Mama Pacha akawa anaacha chakula, anarudi kwenye kigari.

"Kwenye kioo napatia, mezani nakosea," akasema. "Labda akili yangu ni ya kwenye kioo tu. Na kiwandani hawataniletea kioo."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

Dada Mota alikuwa amesafiri na wanafunzi wake. Tulikuwa peke yetu na kizunguzungu chetu.

Jumatatu huwa sifungui kibanda changu, maana Jumatatu watu hawanyoi. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, asubuhi, macho nusu. Mama akapita na kitambaa chake chenye maji. Akafuta meza. Akafuta ubao. Akapuliza vumbi kwenye reli. Kisha akakishika kigari kwa vidole viwili, akakisukuma mpaka katikati, akarudi nyuma akakitazama, akakisogeza tena kidogo. Akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha wageni.

Nikakaa wima. "Mama, unafanya nini?"

"Nasafisha. Wewe unafanya nini?"

"Hicho kigari. Mbona unakisukuma?"

"Kila siku mnakiacha kimejibana kule pembeni, utadhani kimegombezwa," akasema. "Mgeni akiingia ataonaje? Kitu hukaa katikati."

"Kila siku unakisogeza?"

"Kila siku nasafisha," akajibu, na kwake jibu lilikuwa limetosha.

Mama Pacha aliporudi nikamweleza. Akaangalia kitambaa cha kufuma.

"Mimi nilikuwa nakikuta katikati," akasema. "Nikadhani printa ikizimwa, kigari hupumzika katikati. Lakini kikikaa katikati kuna ubaya gani? Amri ni ile ile. Mahali ni pale pale. Kwa nini kisiende?"

Swali zuri. Tulikuwa tumempata mhalifu, lakini kosa lake bado hatulijui. Nilichanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo.

Dada Mota alirudi keshokutwa yake. Tukamwambia yote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Pacha, sikiliza," akasema. "Mota hii haina macho. Kazi yake ni kuhesabu hatua zake tu. Ikiwashwa inasema, hapa nilipo ndipo sifuri. Basi. Bibi akiisogeza wakati imezimwa, yenyewe haina habari. Umemfunga mtu macho, umemhamisha chumba, halafu unamwambia ahesabu hatua mpaka mlangoni. Atahesabu vizuri sana, na atagonga ukuta."

"Mbona kwenye kioo haikugonga?"

"Kwenye kioo, kila ukifungua, kigari kinaanzia sifuri chenyewe. Ndani ya laptopu hamna Bibi."

Mama Pacha akafunika uso kwa mikono miwili. Nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka.

"Basi tumkataze Mama asiguse," nikasema.

"Hapana, shemeji," Dada Mota akasema. "Kiwandani watafagia. Umeme utakatika katikati ya kazi. Fundi atakuja kupaka grisi, atasukuma. Utawakataza wangapi? Ziko mashine za kisasa zinazokumbuka zilipo hata zikizimwa, lakini usibahatishe kwamba yako ni hiyo. Tuifundishe mashine iulize kabla ya kwenda."

Akafunga swichi ndogo mwanzoni mwa reli, upande wa kushoto. Kigari kikifika pale kinaibonyeza, na taa ndogo inawaka.

"Ukiwasha, amri ya kwanza ni moja tu," akasema. "Nenda polepole kuelekea kwenye swichi. Ukiigusa, simama. Hapo ndipo sifuri. Baada ya hapo toa amri zako zote. Na sifuri haiko kushoto wala kulia, shika hilo. Sifuri iko penye swichi."

Mama Pacha akainua kichwa. "Yule mleta mashine alikuwa anasema, tafuta sifuri kwanza, tafuta sifuri kwanza. Ndilo neno nililolishika. Nikajua ni jina la kitufe tu."

Kisha Dada Mota akamgeukia mama yangu. "Bibi, nina kazi nataka kukupa. Kila siku, mashine ikiwa imezimwa, kisogeze kigari popote unapopenda. Usimwambie mkweo."

Mama akaipenda kazi ile kupita kiasi. Kumbe mwanamke huyu wa kufuta vumbi ana ujanja namna hii, na mimi nimeishi naye miaka yote. Leo kigari kiko kulia kabisa, kesho kushoto, keshokutwa nusu ya njia. Mama Pacha anawasha, kigari kinarudi polepole, kinagusa swichi, taa inawaka, kisha kinakwenda. Mstari unakaa pale pale kila siku. Mama anasogea na miwani yake anatazama rula, anaguna.

Siku moja alifuta kwa nguvu, waya wa swichi ukachomoka. Mama Pacha akawasha. Kigari kikaenda, kikaigusa swichi, taa kimya, kikaendelea kusukuma. Mkono wake ukaangukia kitufe chekundu kabla sijainuka. Tangu siku hiyo akawa anaibonyeza swichi kwa kidole umeme wa mota ukiwa umezimwa, aone taa yake inawaka, ndipo aiamini.

Siku ya jaribio ikafika. Mimi sikuwapo, nasimulia alivyotusimulia mwenyewe mezani.

Anasema aliitwa wa kwanza. Wenzake walikuwa wamejipanga ukutani, na msimamizi ameshika rula ya chuma. Alitaka kubonyeza tu, amalize. Kisha akaona ufagio umeegemezwa kwenye nguzo.

"Leo hapa pamefagiwa?" akamuuliza msimamizi.

"Pamefagiwa asubuhi. Unaogopa uchafu?"

Wenzake wakacheka.

"Aliyefagia alikisogeza kisu?"

"Sijui. Labda. Alitoa vumbi chini ya reli."

"Basi naanza kwa kutafuta sifuri," akasema.

Akaomba watu wasogee nyuma ya mstari wa njano, akaweka mkono mmoja karibu na kitufe chekundu, akatoa amri. Kigari kikaondoka, kikaenda kulia.

"Nilishtuka," akatuambia. "Nyumbani kinakwenda kushoto. Nikasema nimekosea, nakwenda kugonga mbele ya watu wote. Nikataka kubonyeza chekundu, niombe msamaha, niondoke."

Hakubonyeza. Alitafuta swichi kwa macho. Mwanzoni hakuiona. Kisha akaiona, imefungwa mwisho wa reli, upande wa kulia, imezungukwa na vumbi la sponji. Akasubiri. Kigari kikaifikia polepole, kikasimama, na kwenye paneli taa ikawaka.

Ndipo akatoa amri ya kukata. Polepole kwanza, kisha kasi, kisha polepole. Kisu kikashuka ndani ya sponji. Msimamizi akapima juu, akapima chini, akapima tena.

"Sawasawa," akasema. "Nani alikufundisha kuuliza habari za kufagia?"

"Mama mkwe wangu."

"Ni fundi?"

"Hapana. Ni msafi."

Mama Pacha alibaki kazini. Wenzake wanafanya jaribio kwa zamu, na ambao zamu yao bado wanakuja kwetu Jumamosi mchana kufanya mazoezi. Dada Mota huwaletea laptopu, waanze na kioo, kisha waje mezani. Mlangoni wanavua viatu na kupangusana vumbi bila kuambiwa. Sisi tunasubiri chakula, maana meza imejaa watu.

Jumamosi iliyopita waliingia wakakuta ubao umefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, mpole kabisa.

"Karibuni," akawaambia. "Nimeshakisogeza. Atakayewasha bila kutafuta sifuri, kunde zangu leo hali."